Juzuu Sita za Katikati

Jumatano, 28 Agosti

Nimefika Madina. Sentensi hiyo nimeiandika nikaisoma mara tatu, maana mimi Doto Yasini Maganga, mtoto wa Kharumwa, hadi wiki iliyopita safari yangu ndefu ilikuwa kwenda Kahama kununua sururu na kamba za duka la Baba. Mlango wa ndege ulipofunguliwa nilidhani injini inatupulizia. Kumbe ndiyo hewa yenyewe ya huku.

Daftari hili amelinunua Mama. Alinunua mawili, moja langu na moja la dada yangu Kulwa. Sisi ni mapacha, Kulwa ndiye aliyetangulia, na nyumbani kwetu pacha hawapewi kimoja. Ukimpa mmoja gauni, mwenzake mtafutie shati siku hiyohiyo, la sivyo aliyeachwa ataugua. Ndivyo alivyotulea Bibi Zipora, mama yake Mama, na Baba, pamoja na kuswali safu ya kwanza miaka yote, hajawahi kuthubutu kumbishia mkwewe. Kitu kimoja tu nimepewa bila mwenzangu, nacho ni nafasi hii ya masomo katika chuo cha huku. Walitaka wavulana.

Kulwa hakunisindikiza stendi. Alisema anawahi kuwasomesha watoto wa madrasa. Ilikuwa saa mbili asubuhi, na madrasa yetu huanza baada ya adhuhuri.

Alhamisi, 29 Agosti

Mwenzangu wa chumbani anaitwa Zamoyoni, yuko mwaka wa tatu, anatoka Ushetu kwa wakulima wa tumbaku. Ananiita jirani. Nimefurahi kupita kiasi kumpata mtu anayejua Kharumwa iko wapi.

Leo waligawa mashuka na taulo, nami kwa mazoea nikachukua pea mbili. Mgawaji akaushika mkono wangu mbele ya foleni nzima. Zamoyoni akaniuliza kwa Kiswahili, "Jirani, wewe unalala vitanda viwili?" Nikarudisha. Aibu niliyoipata sina haja ya kuieleza.

Ijumaa, 30 Agosti

Nimeswali katika Msikiti wa Mtume.

Nilikuwa nimejipangia kuandika mengi, lakini nikianza tu mkono unasita. Niliona lile kuba la kijani, nikalia hadharani bila kujificha, na mzee mmoja, nadhani ni Mturuki, akanipa kitambaa chake nikapengea kamasi. Uani miamvuli mikubwa ilikuwa imefunguliwa, watu maelfu wamekaa chini ya kivuli kama wako nyumbani kwao. Nami nikakaa.

Halafu nikatoa karatasi ya salamu. Karibu kila mtu wa mtaani kwetu alinituma. Wachimbaji wanaonunua kwa Baba wameniomba niombe mvua ichelewe, maduara yao, yale mashimo ya dhahabu, yasijae maji. Mama Mariana, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, yeye ni Mkristo na ana ekari tatu za mahindi. Aliniambia, "Doto, Mungu ni mmoja, wewe mwambie tu mvua iwahi." Nimeziwasilisha zote mbili, waelewane wenyewe huko mbele.

Kulwa hakunituma chochote. Nimemsalimia Mtume kwa niaba yake bila kutumwa.

Jumatatu, 2 Septemba

Limebandikwa tangazo. Wote tulioingia kwa cheti cha kuhifadhi Qur'ani tutasikilizwa mmoja mmoja tarehe 7 Oktoba. Shekhe anafungua anapotaka, anasoma aya moja, wewe unaendelea.

Sasa niandike ukweli, maana nisipouandika utanipasua. Mimi sijahifadhi Qur'ani yote. Nina juzuu ishirini na nne. Sita za katikati, kuanzia ya tisa mpaka ya kumi na nne, sinazo. Nilizisoma, nikazipita, hazikukaa.

Aliyehifadhi zote thelathini ni Kulwa. Alimaliza miaka miwili iliyopita, na mwalimu wetu wa madrasa, Maalim Hamza, akapanga siku ya kumkabidhi cheti chake mbele ya watu. Bibi Zipora aliposikia alivaa kitenge chake cha kanisani akatembea hadi madrasa. Alisimama mlangoni akauliza, "Na huyu mwingine anapewa nini?" Maalim akamweleza kwamba mwingine bado hajamaliza. Bibi akasema akiugua mtoto huyu, ajulikane nani kamroga. Wanawake wakamuunga mkono, Waislamu kwa Wakristo, kwa sababu jambo la mapacha kwetu kila mtu analijua. Maalim naye ni mtu wa amani. Aliniita akaniuliza mbele yao, "Doto, utazimaliza hizo sita?" Nikajibu, "Ramadhani hainipiti, Maalim."

Basi siku ile tukapewa vyeti wote wawili. Baba akachinja ng'ombe. Ramadhani ilifika, ikapita, na nyingine ikapita. Cheti changu hakikuandikwa ishirini na nne. Kimeandikwa thelathini, na ndicho kilichonileta hapa.

Zamoyoni ananihadithia bila kujua anamhadithia nani kwamba mwaka juzi kijana mmoja alirudishwa kwao kwa cheti cha uongo. Alipandishwa ndege ndani ya wiki moja.

Alhamisi, 5 Septemba

Nimemwandikia Kulwa: "Nisomeshe zile sita kwa simu. Nina mwezi mmoja. Tafadhali."

Jumapili, 8 Septemba

Ameusoma ujumbe. Hajajibu.

Jumamosi, 14 Septemba

Joto nyuzi arobaini na tatu. Kila siku baada ya alasiri napanda basi la wanafunzi kwenda Msikitini, nakaa karibu na mapipa ya maji ya Zamzam na kuisoma juzuu ya tisa. Jana nilimeza kurasa tatu. Leo nimebaki na moja na nusu. Mbele yangu hukaa mtoto wa Kiindonesia, hajafika hata miaka kumi, anasoma huku anachezea vidole vya miguu yake, na hakosei. Nilimchukia kwa dakika kama tano, kisha nikaona haya nikahama mahali.

Nikiwa Kharumwa, Kulwa alikuwa akinishika sikio nikikosea. Alikuwa na njia yake. Hakuruhusu nipite kosa hata kidogo, ananirudisha mwanzo wa ukurasa, na mwanzo wa ukurasa, mpaka nataka kulia. Nilimwona mkorofi. Nilikuwa namkimbia nikacheze mpira, na Maalim Hamza alikuwa ananiacha. Maalim nilimwona mwema.

Jumatano, 18 Septemba

Wali na kuku. Tende. Hakuna jipya.

Ijumaa, 20 Septemba

Mama amepiga. Mvua bado, ardhi ngumu, wamelima nusu shamba wakaacha. Akaniambia pia kwamba Kulwa ameomba kazi ya kufundisha Qur'ani katika shule moja ya wasichana huko Kahama. Wamemtaka apeleke cheti, wakikikubali ataanza Januari.

Nilimpongeza Mama, nikakata simu, nikakaa kwenye ngazi za bweni. Vyeti vyetu vimeandikwa siku moja, kwa mkono mmoja, vina muhuri mmoja. Changu kikijulikana ni cha uongo, nani atakiamini chake?

Kwa hiyo kunyamaza kwangu si woga tu, namlinda Kulwa pia. Nimeiandika sentensi hiyo na nimeitazama muda mrefu. Inanifaa mno, sidhani kama ni kweli.

Jumanne, 24 Septemba

Nimemaliza juzuu ya tisa. Zimebaki tano, na siku kumi na tatu. Hata Baba na hesabu zake za dukani asingeona njia hapo.

Jumapili, 29 Septemba

Zamoyoni ameniuliza mbona silali vizuri na mbona sili. Nikamwambia ni joto. Akanitazama akasema, "Jirani, kwetu Ushetu tunakausha tumbaku kwa moto. Mimi joto nalijua, na mtu anayesumbuliwa na joto hafungi mlango akisoma Qur'ani." Hakuendelea kuniuliza. Nilipofika nilimwona mtu wa masihara tu, sasa sidhani.

Jumanne, 1 Oktoba

Kulwa amepiga leo. Naandika yote nisiyasahau, na nisije nikayageuza baadaye yakanipendeza.

Ilikuwa baada ya alasiri, niko uani Msikitini.

"Mhola?" akanijulia hali kwa Kisukuma.

"Mhola duhu," nikamjibu, ingawa sikuwa mzima hata kidogo. Nikaanza moja kwa moja. "Kulwa, umekasirika. Najua nafasi hii ulistahili wewe."

"Nani kakwambia nimekasirikia nafasi? Walitaka wavulana. Wewe hukuandika hilo sharti, wala mimi sijaja kulilia Madina."

"Sasa mbona hunijibu mwezi mzima? Stendi hukuja."

Nikamsikia anavuta kiti, na nyuma yake watoto wa madrasa wanapiga kelele za kutoka. Akasema, "Doto, unaikumbuka siku ya vyeti?"

Nikamwambia naikumbuka, ilikuwa siku nzuri, tulichinja ng'ombe, watu walitubeba mabegani.

"Walikubeba wewe," akasema. "Mimi ni mwanamke, nani anibebe? Nilikaa na kina mama nikapakua pilau. Miaka sita, Doto. Naamka kabla ya alfajiri, nasoma nikiteka maji, nasoma nikipalilia, Mama akiniita nasoma moyoni huku naitika. Nimemaliza peke yangu. Halafu siku ya kupewa, nikageuka nikakuona umeshika karatasi ileile, maneno yaleyale. Watu wakasema, 'Hongereni watoto wa Yasini, mmemaliza.' Mmemaliza! Nilipewa nusu ya kitu nilichokifanya chote, na nikatakiwa nicheke."

Miaka miwili nimeishi na dada yangu nyumba moja nikidhani ile ilikuwa siku yetu ya furaha.

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Bibi? Yeye aliogopa utakufa. Na wewe ulikuwa unacheka."

Wakati huo miamvuli ikaanza kujifunga, jua limeshuka, watu wanapita pembeni yangu na viatu mkononi. Nikamwambia, na sauti yangu niliisikia ikiwa ndogo, "Nisaidie tu hizi sita. Nisipozijua nitarudishwa."

"Sikusomeshi," akasema Kulwa.

"Kulwa!"

"Sikusomeshi kitu ambacho karatasi yako inasema unakijua. Sema kwanza huzijui. Waambie hao mashekhe wako. Ukishasema, nipigie hata siku hiyohiyo, nitakusomesha mpaka ziingie. Kabla ya hapo hapana."

"Na shule ya Kahama? Nikisema hili, cheti chako nacho wataki..."

"Wakitilia shaka cheti changu wanisikilize mimi. Watafungua wanapotaka nami nitasoma. Mwenye kuogopa kusikilizwa ni wewe, usiniingize na mimi."

Akaniaga vizuri, tena akanitakia afya. Nimekasirika. Nimeona haya. Nimekasirika tena.

Alhamisi, 3 Oktoba

Nilikuwa nimeshapanga namna ya kumjibu Kulwa ili nishinde. Leo nikisoma mambo hayo niliyopanga naona yote yanasema kitu kimoja, kwamba mimi nipate ninachotaka.

Jumapili, 6 Oktoba

Ni kesho. Juzuu ya tisa nzima na robo ya kumi. Nikipangiwa humo nimepona, nikipangiwa kwingine ndani ya zile sita nimekwisha. Sijaamua kitu.

Jumatatu, 7 Oktoba

Nilikuwa mtu wa kumi na moja. Zamoyoni alinisindikiza akakaa kwenye benchi la nje na chupa ya maji yangu. Ndani kuna zulia, meza fupi, na shekhe mwenye ndevu nyeupe ambaye hakuinua uso nilipotoa salamu, ila aliitikia kwa ukamilifu wake.

Akafungua. Sura ya Al-Baqara. Nikaendelea. Akanisimamisha. Akafungua tena, An-Nuur. Nikasoma. Mara ya tatu, Ya-Sin, ambayo kwetu hata anayeuza mihogo sokoni anaijua. Mara ya nne, Al-Kahf. Mara ya tano akaushika msahafu akiupindua taratibu, nikaona vidole vyake vimefika katikati kabisa, mahali pangu pa aibu. Vikapita. Akasoma aya ya Sura ya Muhammad, nikaendelea nayo hadi mwisho wa ukurasa.

Akatabasamu. Akaandika kwenye fomu neno moja ambalo kwa Kiarabu changu kidogo nililisoma kichwa chini: bora sana. Akaniambia, "Mwenyezi Mungu ambariki mwalimu wako. Ni nani?"

Nilikuwa nimeshapita. Nataka daftari hili lilijue hilo vizuri. Mlango ulikuwa wazi, hakuna aliyenishuku, ningesema "Maalim Hamza" nikatoka nikanywa maji. Na nilifungua mdomo kusema hivyo hasa. Lakini swali lilikuwa mwalimu wangu ni nani, na aliyekuwa akinirudisha mwanzo wa ukurasa hakuwa Maalim Hamza.

Nikasema, "Shekhe, sijahifadhi zote."

Akadhani nimekosea lugha. Nikarudia. Nikajaribu kueleza kwa Kiarabu cha mwezi mmoja: mimi, dada, tumbo moja, yeye thelathini, mimi ishirini na nne, bibi, mlango, cheti. Kadiri nilivyoeleza ndivyo uso wake ulivyozidi kuchanganyikiwa. Nikaomba niruhusiwe kumwita mtu, nikamwita Zamoyoni.

Zamoyoni aliingia akitabasamu. Nilipomwambia kwa Kiswahili mambo yote, tabasamu likamtoka, akaniuliza, "Una hakika nitafsiri haya?" Nikasema tafsiri.

Akatafsiri vizuri, akaeleza hata habari ya pacha kutopewa kimoja. Shekhe alisikiliza mpaka mwisho akauliza, "Kwa hiyo huyu dada akiolewa, na huyu ataozwa siku hiyo?"

"Wapo wanaofanya hivyo kwetu, Shekhe," akasema Zamoyoni.

Shekhe hakucheka. Akalikata lile neno aliloliandika kwa mstari mmoja. Akaniambia kwamba yeye hana uamuzi, jambo hili litakwenda kwenye kamati, na nisitoke nje ya mji mpaka niitwe. Kisha akanitazama. "Na huyo dada," akauliza, "nani aliyemsikiliza?"

Nikasema hakuna, hajawahi kusikilizwa na mtu wa nje ya Kharumwa.

Tulipotoka Zamoyoni alinipa maji. Hakunilaumu wala hakunisifu. Njiani alisema tu, "Jirani, wewe ni mtu wa ajabu, umefaulu halafu ukarudi kuufuata mtihani." Nikampigia Kulwa. Nikasema, "Nimesema." Akajibu, "Kesho baada ya alasiri. Juzuu ya tisa. Usije hujatawadha."

Jumanne, 8 Oktoba

Nimeanza kusomeshwa. Nilidhani ya tisa naijua. Amenirudisha mara kumi na nne.

Jumatano, 9 Oktoba

Baba amepiga. Mama ndiye aliyemwambia. "Shikamoo Baba," nikasema, hakuitikia. Alisema alichinja ng'ombe kwa cheti kile, alisimama msikitini kwa cheti kile, na sasa atapita wapi. Nikamwambia nisamehe Baba. Akajibu, "Ungekosea kimyakimya ungekosea peke yako." Maneno hayo yameniuma kuliko kama angenitukana. Nampenda baba yangu, na leo ni mara ya kwanza nimeona hana haki.

Jumapili, 13 Oktoba

Mafua na homa. Ni hivi viyoyozi, nje unachemka, ndani unaganda. Mama bila kufikiri akamwambia Bibi Zipora kwamba naumwa, na Bibi akapiga kelele nikazisikia simuni, "Mmeona! Si niliwaambia! Wanataka kumpa Kulwa cha peke yake, huyu keshaugua!" Nikamwomba Mama ampe simu.

"Bibi, shikamoo. Ni mafua tu."

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Mafua huanzaje? Huanza hivyohivyo."

Hakuna aliyekuwa ameongea habari ya kumpa Kulwa cha peke yake. Bibi mwenyewe ndiye aliyelitaja kwanza, kwa sababu ndilo alilokuwa akiliogopa.

Alhamisi, 17 Oktoba

Maalim Hamza amepiga. Kamati imemwandikia barua. Nilijiandaa kumwomba msamaha, yeye akaniwahi. "Mwanangu, kosa la mtoto ni la mtoto, lakini mkono ulioandika thelathini ni wangu. Nilitaka watu wasigombane mlangoni kwangu. Nikaiuza amana kwa ajili ya utulivu wa jioni moja." Alilia. Sijawahi kumsikia mtu mzima wa umri wake akilia. Amesema atakifuta cheti changu kwa maandishi, na ataisoma barua hiyo mbele ya waumini.

Nilikuwa nimeanza kumdharau. Nimeacha.

Jumatatu, 21 Oktoba

Nimeitwa. Waliokaa mezani walikuwa watatu, na yule shekhe mwenye ndevu nyeupe katikati. Naandika kama walivyosema.

Kwanza, cheti changu kimefutwa. Pili, sirudishwi, kwa sababu nilisema mwenyewe baada ya kupita. Nitakaa darasa la lugha, na kabla ya mwaka kwisha nisikilizwe zile sita, nisipozijua nitarudi nyumbani bila maneno mengine. Tatu, nisome kila siku kwa mtu aliyehifadhi kwa uhakika, na jina lake liandikwe kwenye faili langu.

Hilo la tatu ndilo lililonichanganya, mpaka shekhe aliponieleza. Mama yake mzazi, bibi wa miaka themanini, anasomesha wanawake nyumbani kwake. Alitaka kumsikia yule dada wa Kharumwa. Wiki iliyopita alimsikiliza kwa simu, kwa namba aliyoitoa Maalim Hamza, alasiri tatu mfululizo, akifungua popote. Kulwa hakuniambia neno. Alikuwa akimaliza na bibi yule, anameza maji, ananigeukia mimi.

"Mama yangu," akasema Shekhe, "amesomesha watu miaka sitini. Ametuma karatasi hii." Imeandikwa kwamba Kulwa binti Yasini amehifadhi yote na usomaji wake ni wa kutegemewa. Wamenipa kalamu nijaze jina la mwalimu wangu. Nimeliandika la Kulwa.

Nimetoka nje nikakaa kwenye ngazi nikicheka na kulia, watu wananipita.

Alhamisi, 24 Oktoba

Mvua imenyesha Kharumwa tangu jana. Mama Mariana amenitumia ujumbe wa shukrani. Wachimbaji hawajanitumia kitu.

Ijumaa, 25 Oktoba

Leo baada ya swala ya Ijumaa, Kulwa amekabidhiwa cheti kipya, cha peke yake. Mama aliishika simu juu ili nione. Picha ilikuwa ikikatika, na mvua ilikuwa ikipiga bati kiasi kwamba Maalim Hamza alilazimika kusoma barua yake kwa kupaza sauti. Alisoma yote, kosa lake hakulipunguza. Nilimwona Baba amesimama nyuma karibu na mlango, kofia mkononi. Amekuja, hilo lilinitosha.

Maalim akamwita Kulwa. Alipoinuka tu, Bibi Zipora naye akainuka. Chini ya kitenge alikuwa na kanzu mpya imekunjwa, na alisema kwa sauti kwamba hii ni ya Doto, apewe Mama aipokee kwa niaba yake, pacha asiachwe mikono mitupu. Baadhi ya wanawake wakaitikia. Kulwa alisimama palepale katikati ya watu, nami hata kwa picha ile mbovu niliuona uso wake. Ulikuwa uso wa siku ile ya vyeti, ambao mimi sikuuona kwa sababu nilikuwa juu ya mabega ya watu.

Nilitaka kusema kitu lakini nani angenisikia, sauti ya simu na mvua ile. Mama ndiye aliyesema. Picha ikageuka ikaonyesha bati, kisha miguu ya watu, nikajua ameishusha simu. Nikasikia sauti yake tu.

"Mama, keti. Hawa ni mimi niliyewazaa, na sikuwazaa kwa mkupuo. Kulwa alitoka, nikapewa, nikamshika. Nilikaa naye peke yake saa nzima nikidhani nimemaliza, ndipo huyu mwingine akaja. Siku ile Kulwa alikuwa na saa yake. Na leo mwacheni na yake."

Nilisikia mvua, kisha nikamsikia Bibi akikaa na kuguna. Mama aliponyanyua simu tena, Kulwa alikuwa ameshakipokea cheti, na kina mama walikuwa wakipiga vigelegele, yeye katikati yao, hajui mikono aiweke wapi. Nilitazama mikono yangu mwenyewe. Haikuwa na kitu, na mafua yalikuwa yameniisha tangu Jumatano.

Alasiri alinipigia kama kawaida. Nikataka kumpongeza kwa maneno niliyokuwa nimeyaandaa. Akaniambia maneno nimwekee, amechoka na watu, watu wote wanataka kumshika.

"Umetawadha?"

"Nimetawadha."

"Juzuu ya kumi na moja. Soma."

Nikasoma. Aya ya tatu nikakosea, akanirudisha mwanzo.